Nani atalipia kuta za mawe za milimani Mwanza?

Panda Igogo au Bugarika hadi bodaboda zinapogoma, kisha tazama chini ya nyumba, si juu. Utaona kuta za mawe, nyingine zimepita kimo cha mtu, zimepangwa kwa mkono bila saruji au kwa saruji kidogo mno, zikishikilia udongo wa uwanja wa nyumba moja usiporomokee paa la jirani wa chini. Maelfu ya watu wanalala juu ya kazi hiyo. Mimi ni mbunifu majengo, nimekulia kwenye milima hii, na sijawahi kukutana na mchoro rasmi hata mmoja wa ukuta wa aina hiyo. Ujuzi wote umo vichwani mwa mafundi, na wengi wao sasa ni wazee.

Ndiyo maana natafuta ruzuku. Wengi mmeniuliza naanzia wapi, kwa hiyo leo naeleza.

Kikundi chetu kilikuwa na mambo manne mezani: kurekodi ujuzi wa mafundi, kutoa kitabu chenye michoro, kujenga ukuta wa mfano pamoja na mtaro wa maji ya mvua, na kuwapatia mtaji akina mama wanaoponda kokoto. Kwetu sisi hayo ni jambo moja. Kwa wafadhili ni manne, na hakuna mlango hata mmoja unaoyapokea yote. Kwa hiyo tuliandika maandiko manne mafupi, kila moja na mlango wake.

Kwa kurekodi, mlango ninaoupenda kuliko yote ni programu ya British Museum, makumbusho ya London, iitwayo Endangered Material Knowledge Programme, iliyoanza mwaka 2018 kwa fedha za mfuko wa Arcadia. Inalipia kurekodi namna watu wanavyotengeneza vitu na kujenga, pale ujuzi unapokaribia kupotea. Ruzuku zake ndogo zilitangazwa kuwa hadi pauni 15,000, na kubwa hadi pauni 100,000. Kinachorekodiwa, yaani picha, video na mahojiano, kinawekwa kwenye hifadhi ya mtandaoni iliyo wazi kwa kila mtu. Hilo ni jema, lakini lina uzito wake. Fundi akikubali kurekodiwa lazima aelewe kwamba uso wake utaonekana Igogo na Ulaya vilevile, leo na miaka mingi ijayo. Mmoja wa wazee wetu alisema mikono yake ipigwe picha, sura hapana. Tumeliandika hivyo hivyo kwenye fomu ya ridhaa, na tumeiandaa kwa Kiswahili na Kisukuma.

Mzee huyohuyo aliniuliza, "Mwanangu, hizo hela zikija tunajenga?" Nikamjibu, "Hapana baba, hizi ni za kuandika tu." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi andika kwamba ukuta mzuri hauzuii maji. Unayapitisha." Alikuwa sahihi kabisa. Udongo wa nyuma ya ukuta usio na matundu ukishiba mvua za masika, maji hayana pa kutokea, yanausukuma hadi unapasuka tumbo. Ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji unapumua. Maneno yake ndiyo sentensi ya kwanza ya andiko letu. Msomaji wa maombi akiwa mbali, jambo moja la kweli kama hilo linamfikisha mlimani kuliko kurasa tatu za "jamii husika" na "uendelevu".

Kitabu ni habari nyingine. Hapo nauangalia mfuko wa Graham wa Chicago, ulioanzishwa mwaka 1956 kwa ajili ya usanifu wa majengo. Unasaidia machapisho, maonyesho, filamu na utafiti, na si lazima uwe Mmarekani. Kwa mtu binafsi kiwango chake kimekuwa hadi dola 20,000. Wanachotaka kujua ni hoja yako: unasema nini kipya kuhusu majengo? Nasi tunayo hoja. Kwenye makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, pale Kisesa, Padre David Clement na Wasukuma waliofanya naye kazi walihifadhi ngoma, viti vya watemi na umbo la nyumba ya msonge. Fundi wa mlimani, anayejenga mjini leo, hana makumbusho.

Ukuta wa mfano na mtaro ni ujenzi, na fedha za utafiti hazijengi. Ubalozi wa Japani una ruzuku za miradi midogo ya jamii, mpango ulioanza mwaka 1989, ambao umejenga madarasa, zahanati na visima nchini. Huko utafiti hauna nafasi. Wanataka kitu kinachoshikika, taasisi yenye usajili na nyaraka za ardhi zisizo na mgogoro. Ardhi ndiyo ngumu yetu, maana mlimani wengi hawana hati. Tumeanza na mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata kabla ya kugusa fomu.

Mtaji wa akina mama nautaja kwa kifupi: upo kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Ni mkopo usio na riba, lakini ni mkopo, unarudishwa. Muoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu.

Jambo moja kwenye bajeti silegezi. Fundi anayekaa nami siku nzima akinieleza jinsi ya kuchagua jiwe la kona halipwi "posho ya soda". Jina lake linakaa kwenye mstari wa wataalamu, sawa na mhadhiri wa chuo, na analipwa siku hiyo kwa kiwango cha mtaalamu. Mshauri mmoja alinitaka nipunguze malipo hayo ili bajeti ipendeze. Nilikataa, na kwenye andiko nimeeleza sababu.

Sasa hivi tunatafuta chuo cha kutusimamia, kwa sababu fedha nyingi za utafiti hupitia taasisi. Akija mtafiti kutoka nje kushirikiana nasi, atahitaji kibali cha utafiti cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, nacho huchukua muda, kwa hiyo asisubiri ruzuku itoke ndipo aombe. Tunahitaji pia mtu anayeandika Kisukuma vizuri, na mafundi wa Kirumba na Mabatini ambao bado hatujawafikia. Ukimjua mmoja, mwambie tutakuja sisi kwake, asipoteze siku ya kazi.