Siku moja kwenye mnara wa FM, Bukavu

Saa 11 alfajiri. Kwanza daftari la zamu, kisha mlinzi: "Papa, umeme ulikatika usiku?" Mtambo wa kurusha matangazo wa wati 1,000 ulio mzima hurudishiwa na antena wati 5 hadi 10. Leo zinarudi 40, yaani SWR (kipimo cha jinsi antena inavyopokea nguvu, 1 ndiyo bora) ya 1.5. Msimu wa mvua namba ikipanda taratibu hivi, shuku maji kwenye konekta, yaani kiungo cha kebo, kabla ya kufungua mtambo.

Saa 1 asubuhi ni jenereta: mazutu, oili, betri. Betri ya volti 12 iliyopumzika isome 12.7, ikisoma 12.0, usiitegemee usiku. Kilimani, karibu mita 2,000, hewa ni nyepesi. Jenereta ya kVA 10 isiyo na turbo ihesabu 8.

Saa 3. Mtambo unazimwa, swichi kuu inapigwa kufuli, ufunguo anakaa nao anayepanda mnara. Redio jirani za mnara huohuo nazo zinazima, maana mawimbi huunguza nyama kabla ngozi haijahisi.

Tatizo liko kwenye dipole ya tatu, moja ya vipande vinne vya antena: pini ya shaba ya konekta yake imeota kutu ya kijani. Hapa wengi hukata kebo na kufunga konekta mpya, na wanaharibu antena. Kebo zinazogawa nguvu kwa dipole nne zina urefu uliopimwa. Ukifupisha moja, mawimbi yake hayaendi sambamba na mengine na nguvu inaelekea pasipotakiwa. Badilisha kebo nzima kwa nyingine ya urefu uleule, na pete mpya ya mpira. Utepe wa mpira unaojigandisha uvute mpaka upana ubaki nusu, uzungushe kutoka chini kwenda juu, kila mzunguko ulalie wa chini yake kama mabati ya paa. Juu yake utepe wa plastiki, bila kuuvuta.

Kabla ya kushuka, kagua nyaya zinazoshikilia mnara. Ule wa Konstantynów, Poland, mita 646, ulianguka mwaka 1991 nyaya zikibadilishwa.

Saa 6 mchana. Washa kwa wati 100, soma, kisha 500, kisha 1,000. Zinarudi 6.

Saa 9 alasiri ngurumo zinaanza, hakuna anayegusa mnara. Ukinzani wa udongo kwenye waya wa radi upimwe kiangazi, udongo ukiwa mkavu, usizidi omu 10.

Saa 12 jioni taa nyekundu zinawaka. Daftarini: kebo ya akiba imetumika, iagizwe nyingine, urefu umeandikwa kwa sentimita.