Usukani unaocheza: anza na tairodi

Gari kuukuu likianza kuyumba barabarani, usikubali raki (mtambo wa usukani unaogeuza matairi) ibadilishwe kabla ya kukagua tairodi, yaani fimbo inayounganisha raki na tairi. Inua mbele kwa jeki, weka stendi, tikisa tairi kushoto na kulia huku mwenzako ameshika ncha ya tairodi. Akisikia inacheza, imekwisha. Tairi likicheza juu na chini tu, shuku boljointi, kiungo cha duara kinachoshikilia tairi kwenye mkono wake. Likicheza pande zote, shuku beringi ya tairi.

Hapa Tanga angalia sana mpira wa raki, ule unaofunika ncha zake. Ukichanika, mchanga na unyevu wa chumvi huingia na kuila raki yenyewe, hasara kubwa kwa kipande cha mpira!

Usukani mzito? Kwanza upepo wa matairi, kisha mafuta ya usukani na mkanda wa pampu yake. Ukifungua tairodi, hesabu mizunguko ya kuifungua, ufunge mpya kwa mizunguko hiyohiyo, halafu fanya alaimenti (kunyoosha matairi yaelekee sawa) siku hiyohiyo.