Kadi ya kliniki iliyonifumbua macho

Nafasiri barua na nyaraka kwa ujira, na wiki ile nilikuwa nimekwama. Kurasa za historia ya bandari nilizopewa zilikuwa na maneno matano ya Kiingereza ya kufungwa na kuzuiliwa: "prison", "jail", "remand", "quarantine" na "confinement". Karibu yote nilikuwa nimeyaandikia "kifungo", na kila nikisoma tena naona haikai sawa.

Jioni moja, nikiwa barazani kwetu Kibokoni, Mombasa, na karatasi mapajani, mdogo wangu alikuja na kadi yake ya kliniki. Mimba ilikuwa ya miezi saba. Akanionyesha mstari wenye herufi tatu, E.D.C., na tarehe iliyojazwa kwa kalamu ya buluu. "Dada, hii C ni nini?" Nikamwambia ni "confinement". Akaliona neno lilelile kwenye karatasi zangu, na ubavuni mwake mwandiko wangu. "Mbona hapa umeandika kifungo?"

Sikuwa na jibu. Bibi, aliyekuwa anachambua mchele kando yetu, ndiye aliyesema: "Mzazi si hukaa ndani arobaini? Labda na wao walikuwa na yao."

Kweli walikuwa nayo. Uingereza, tangu karne ya 18, neno hilo lilitumika kwa mwanamke aliyefikia wakati wa kuzaa, anayekaa chumbani hatoki. Ndani yake mna neno la Kilatini "finis", yaani mpaka: ni mtu aliyewekewa mipaka asiivuke. Nesi alikuwa amehesabu wiki 40 tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, basi ile ilikuwa tarehe ya kutarajia kujifungua.

Nilipolitamka hilo, nikanyamaza kidogo. Kujifungua! Mwingereza amelitazama jambo lile kutoka mlangoni, akaona mwanamke anafungiwa ndani. Sisi tumelitazama kutoka kwa mama mwenyewe, tukaona anafungua. Nalipenda neno letu zaidi, sifichi.

Tangu usiku ule nikabadili namna ya kufanya kazi. Kabla ya kutafuta tafsiri, kila neno nililiuliza lilianza likiwa kitu gani. "Jail" lilipitia Kifaransa cha kale kutoka Kilatini, na mwanzo wake ni tundu dogo la kufugia. Sisi nasi tuna kizimba: cha kuku ni hicho, na mshtakiwa naye hupandishwa kizimbani. "Prison" limetokana na kitenzi cha Kilatini cha kushika. Hapa Mombasa mtu akikamatwa na polisi tunasema ameshikwa, na mwanafunzi aliyeelewa somo tunasema amelishika. Ajabu ni kwamba "comprehend", kuelewa, limetoka mzizi uleule. "Remand" ni kurudisha, kwa kuwa mshtakiwa hurudishwa ndani kungoja kesi. Rumande yetu tumeichukua huko.

Neno "gereza" lilinichukua siku nzima, maana chimbuko lake liko hatua chache tu na kwetu. Fort Jesus Wareno walianza kuijenga 1593, na ndani yake walikuwa na kanisa. Kanisa kwa Kireno ni "igreja". Midomoni mwa watu wetu likawa gereza, jina la ngome, kisha la mahali pa wafungwa. Waingereza nao wakaifanya ngome kuwa jela hasa, tangu 1895 hadi 1958. Nimepita chini ya kuta zile tangu utotoni nisijue kwamba natamka neno la kanisa.

Lililobaki, "quarantine", lilinirudisha kwa bibi. Dubrovnik, mji wa bandari ulioko Kroatia ya leo, iliamuru 1377 kwamba watokao penye tauni wakae kando siku 30. Baadaye miji ya pwani ile ikafanya siku 40, na jina likatokana na arobaini ya Kiitalia. Nilipomsomea, bibi aliweka ungo chini. "Arobaini yetu hiyo," akasema.

Kurasa nilizipeleka zikiwa na maneno matano tofauti, "kifungo" halimo hata moja. Mdogo wangu alijifungua salama siku nne baada ya tarehe ya kadi. Bibi akamkanda kwa maji ya moto kila asubuhi, na uji wa pilipili manga haukukauka jikoni mpaka arobaini ilipotimia.