Nukta za GPS zilizohama mita 300 kwenye ramani ya Mang'alisa

Ramani ya Mang'alisa, milimani Mpwapwa, ilikuwa ya 1:50,000 (milimita 1 ni mita 50), ile ya zamani ya karatasi. Kila nukta ya GPS niliyoichora juu yake ilidondokea kusini ya mahali pake kwa milimita 6, na mashariki kwa karibu milimita 2. Njia iliyopita juu ya mgongo wa mlima ikaonekana inashuka bondeni, ikikata kontua (mistari ya mwinuko) ovyo.

GPS haikuwa na kosa. Ramani hizi zimechorwa kwa datamu (msingi wa kupimia mahali duniani) ya Arc 1960. Simu husoma datamu nyingine, WGS84. Kwa milima ya Mpwapwa, tofauti ni takriban mita 300 kaskazini-kusini na 90 mashariki-magharibi.

Kwenye QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, nilipachika picha ya ramani kwa kutumia makutano ya mistari ya gridi, manane yaliyotawanyika. Pembe za karatasi usizitumie, karatasi hujikunja. Kisha nikaipa msimbo wa mfumo wa ramani EPSG:21037 (Arc 1960), si 32737 (WGS84), na programu ikabadilisha yenyewe.

Mtego wa pili: mstari wa nyuzi 36 mashariki, unaotenganisha kanda mbili za UTM (gridi ya mita ya ramani), unapita kati ya Dodoma mjini na Mpwapwa. Mjini ni kanda ya 36 (EPSG:21036), Mpwapwa ya 37. Ukikosea hapo, nukta haisogei mita, inaruka mamia ya kilomita. Angalau hilo utaliona mapema.

Huna kompyuta? Weka GPS isome UTM, ongeza mita 300 kwenye namba ya kaskazini, punguza 90 kwenye ya mashariki, ndipo uchore. Hakiki kwa makutano ya mito.