Nilivyoiuza Camaro yangu ya 1969 bila kumficha mnunuzi kitu

Camaro yangu, gari la michezo la Chevrolet, iliundwa mwaka 1969 katika kiwanda cha Norwood, hapa hapa Ohio ninakoishi. Ilitoka na injini ya V8 (silinda nane) ya inchi za ujazo 307, giaboksi ya otomatiki yenye gia mbili tu, breki za dramu magurudumu yote manne, na rangi ya kijani iliyokolea. Nilipoiweka sokoni, hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichobaki ndani yake. Chini ya boneti palikuwa na LS3 ya lita 6.2, injini ambayo Chevrolet waliifunga kwenye Camaro SS (toleo lenye nguvu zaidi ya ile ya kawaida) za 2010 hadi 2015, yenye nguvu za farasi 426. Giaboksi ni ya mkono, gia sita. Breki za diski mbele na nyuma, na rangi ya kijivu. Wamarekani gari la namna hii huliita restomodi: bodi ya zamani, vyombo vipya.

Gari la kale ambalo halijaguswa lina bei inayojulikana. Mtu anakagua namba, anatazama hali yake, anafungua orodha ya bei ya Hagerty, kampuni ya bima ya magari ya kale, mnaanza kuongea. Lililochezewa halina orodha. Linauzwa kwa kazi ya fundi, na kazi ya fundi haionekani kwenye picha moja inayong'aa. Kwa hiyo tangazo langu lilitaja kila kilichobadilishwa, hadi rangi ya kwanza, ambayo bado inasomeka kwenye kibati cha kiwandani chini ya boneti: namba 57.

Marafiki walinishauri nibandike nembo za SS kwenye grili, bei ipande. Jambo hili linaniudhi mpaka leo. Namba ya chesisi ya Camaro ya 1969 haisemi kama gari ni SS au Z/28, toleo jingine la nguvu. Tarakimu 12437 zinakwambia ni V8 ya milango miwili, 9 ni mwaka, N ni Norwood, basi. Mwenye nia mbaya anapenyea hapo hapo. Mjuzi atakuja na tochi na kumuumbua; asiyejua atatoa akiba yake akanunua uongo. Yangu haikuzaliwa SS, na niliandika hivyo kwenye mstari wa kwanza wa tangazo.

Upande wa bei, nilizipuuza bei zinazoombwa kwenye matangazo. Nilitazama magari yaliyokwisha kuuzwa kwenye mnada wa Bring a Trailer, yale yenye LS3 na giaboksi ya mkono, nikaona watu wanatoa kiasi gani kweli. Risiti zangu zilizidi kiasi hicho. Ndivyo ilivyo kwa karibu kila aliyejenga gari la namna hii, kwa sababu saa za fundi wa bodi hakuna anayekurudishia. Niliomba dola 62,000.

Mjomba wangu aliyeko Mombasa alinipigia: "Mpwa wangu, mbona usililete huku? Watu watalipigania." Nikamweleza kwamba Kenya hairuhusu mtumba uliozidi miaka minane, na usukani wa kushoto nao ni kikwazo kingine. Akacheka, akaniombea mteja mwema.

Kabla ya mteja mwema walikuja matapeli. Mmoja hakuuliza hata swali moja kuhusu injini. Alitaka kutuma hundi ya benki iliyozidi bei, ile ziada nimpelekee mwenye lori la kubeba gari. Mtindo huu ni wa zamani: benki inaweza kukuachia fedha mapema, wiki kadhaa baadaye hundi inagundulika ni bandia, na deni linabaki kwako. Sikumjibu.

Aliyenunua ni mzee mmoja wa Indiana, fundi mstaafu. Kabla ya kusalimiana vizuri alitoa mfukoni sumaku ndogo iliyoviringishwa kitambaa laini ili isikwaruze rangi, akaanza kuipitisha taratibu nyuma ya matairi ya nyuma, mahali ambapo Camaro hizi huoza. Sumaku hushika bati. Penye puti nyingi, ule udongo wa kuzibia mashimo ya kutu, huanguka. Ilishika mwanzo hadi mwisho. Nikamwonyesha picha za sehemu ile ile ikiwa bati bichi, mistari ya kuchomelea ikiwa wazi, kabla ya rangi. Injini nilikuwa nimeiacha baridi makusudi, akaiwasha mwenyewe. Kisha nikaendesha mimi kwanza, naye akafuata baada ya kunionyesha leseni na bima.

Kilichomaliza mazungumzo ni ile 307 ya zamani, ambayo nilikuwa nimeihifadhi gereji juu ya stendi, nikaijumuisha kwenye bei. Alipiga magoti, akafuta vumbi kwenye sehemu bapa mbele ya bloku, upande wa abiria, akasoma mhuri unaoanza na 19N, kisha tarakimu sita. Akaenda kulinganisha tarakimu hizo sita na za mwisho za namba ya chesisi iliyoko kwenye dashibodi. Zilikuwa zile zile: ndiyo injini gari lililotoka nayo kiwandani. Alishusha dola 3,500 kwa ajili ya matairi na safari ya lori, nami nikakubali, kwa sababu alikuwa amelikagua gari kwa heshima.

Malipo tuliyafanyia ndani ya benki yake, hundi ikiandikwa mbele yangu kaunta. Ohio muuzaji hasaini hati ya umiliki nyumbani. Saini inawekwa mbele ya notari, yaani mthibitishaji wa saini, na bei pamoja na jina la mnunuzi viwe vimejazwa. Namba za gari hapa hubaki kwa muuzaji, kwa hiyo nilizifungua kabla lori halijafika. Bima niliifuta siku gari lilipopakiwa, nikabaki na nakala za kila karatasi.