Kamera ya laptopu iligoma baada ya kuapdeti Linux, nilivyoirudisha

Wakuu, kama umeapdeti afu kamera ikapotea usikimbilie kwa fundi kwanza. Yangu kwenye brauza hakuna, kwenye Cheese (programu ya kupigia picha kwa kamera) hakuna, na jioni nina kikao cha video. Nikafungua teminali nikaandika lsusb (inaorodhesha vifaa vya USB), kamera ipo kwenye listi, kwa hiyo kifaa kizima, waya haujakatika wala nini. Ila ls /dev/video*, pale Linux inapoweka kamera zilizo tayari kutumika, haioni kitu. Nikapiga sudo modprobe uvcvideo kuiwasha uvcvideo, hiyo ndo draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya kamera za USB na hizi za ndani ya laptopu nyingi nazo zinapita USB humohumo, ikajibu moduli (faili la hiyo draiva) haipo kabisa!

Kumbe kerneli mpya (kiini cha Linux) ilishuka bila kifurushi cha moduli za ziada, na kwenye Ubuntu (aina mojawapo ya Linux) uvcvideo inakaa humo. Nikaweka sudo apt install linux-modules-extra-$(uname -r), hiyo $(uname -r) inajaza yenyewe toleo la kerneli unayotumia, nikarudia modprobe, nikafungua Cheese, sura hiyo, hata kuristati sikuristati. Afu nikaweka na linux-generic ili kerneli zijazo zije na vifurushi vyake vyote. Kama bando limekata, ristati, kwenye menyu ya GRUB (ile ya kuchagua mfumo kompyuta inapowaka) ingia Advanced options uchague kerneli ya zamani, utasukuma siku.