Yedeni, dua, chi

Kwa miaka kumi na miwili kazi yangu ilikuwa kuhesabu Wazungu. Nilikuwa ofisini kwenye kampuni moja ya watalii Arusha, na asubuhi gari likitaka kuondoka kwenda Manyara au Ngorongoro, mimi ndiye niliyesimama mlangoni na karatasi: mmoja, wawili, watatu, wa nne bado yuko chooni. Kwa hiyo nilipojikuta Kraków, nimepangwa mstari na wageni wengine saba, nimevaa makoti mawili na pua haina habari na mwili, nilicheka peke yangu. Zamu yangu ya kuhesabiwa ilikuwa imefika.

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 28 Februari 2019. Nilikuwa njiani kwenda Berlin kwenye yale maonyesho makubwa ya utalii ya mwezi Machi, na bosi alitaka nipitie Poland kwanza nionane na wakala anayetuletea wapanda mlima. Kikao kilikwisha upesi. Yule wakala, mama mchangamfu asiyeacha mtu aondoke na njaa, akanilipia matembezi ya siku ya pili: kikundi cha watu wanane, kwa miguu, kuonja vyakula vya asili na kusikia habari za mji. "Uone wenzako wanavyofanya," akasema. Nikaenda na jicho la kikazi, yaani nikitafuta kasoro.

Sikuipata. Binti aliyetuongoza alitangulia kufika, amevaa kofia nyekundu ya sufu ili tusimpoteze kwenye umati. (Arusha watu wa kazi hiyo tunawaita magaidi. Mgeni asiyejua akisikia "gaidi wangu ananisubiri nje" anaweza kuita polisi.) Tulikutana mbele ya Barbakan, ile ngome ya mviringo ya matofali mekundu, kazi ya mwishoni mwa karne ya 15. Binti akatukagua viatu kwanza, kama nifanyavyo mimi. Kisha akatuonya tusile sana mwanzoni. Tukaitikia wote. Hakuna aliyetii.

Tulianzia Stary Kleparz, soko la wazi lililo karibu na hapo. Mtu wa Tengeru, kwetu huko karibu na Arusha, hapotei mle. Ni Jumatano yetu ya gulio kabisa, mboga mafungu mafungu, vibibi wenye mitandio wamekaa nyuma ya bidhaa zao kama wenye nyumba, isipokuwa hakuna anayekuita "karibu mama" wala kukushika mkono. Palikuwa na mapipa ya kabichi iliyochachushwa na matango yaliyochachushwa kwa chumvi na kitunguu saumu. Si siki, binti alisisitiza, na akarudia, kama mtu aliyewahi kutukanwa kwa jambo hilo. Pembeni zilipangwa chupa za kitu cha kijivu kinachoitwa zakwas: unga wa rai, nafaka ya jamii ya ngano, umelowekwa majini siku kadhaa mpaka umechacha. Ndio unaopikiwa supu yao ya żurek. Wageni wawili walinusa wakarudi nyuma. Mimi nikanusa, nikanusa tena. Ilikuwa harufu ya chungu cha togwa siku ya tatu.

Tulipoletewa żurek yenyewe, ya moto, na vipande vya soseji nyeupe na nusu yai juu yake, nilimaliza ya kwangu nikatazama ya jirani. Waliobaki walikuwa wakielezwa kwa upole kwamba uchachu ule si kuharibika. Mimi nimelelewa kwa loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando, na kwetu uji usiochacha ni wa wagonjwa. Sikuhitaji somo.

Somo nililihitaji kwenye mkate. Mezani palikuwa na bakuli la kitu cheupe chenye chenga za kahawia. Nikajua ni siagi. Nikapaka kama fundi anayepiga lipu. Nilipofikisha mdomoni, binti akasema kwa furaha kwamba kile ni smalec, mafuta ya nguruwe yaliyogandishwa pamoja na vitunguu. Mimi ni Mlutheri wa Meru, kitimoto si mgeni wangu. Lakini nimezoea kitimoto chenye mfupa, pilipili na ndizi za kuchoma, si cha kupaka. Na kwa vile nimefundishwa kutotupa chakula cha watu, nikala chote. Kipande cha tango chachu kiliniokoa. Nisiwe mwongo, kufikia tonge la tatu nilikuwa nimeanza kuelewa.

Tukapita lango la Floriańska kuingia mji mkongwe. Kila pembe kuna kigari kinachouza obwarzanek, mkate wa duara wa unga uliosokotwa, unaochemshwa majini kidogo kabla ya kuokwa, juu yake ufuta, chumvi au mbegu za popi. Vitabu vya hesabu vya jumba la malkia Jadwiga vya mwaka 1394 vimeutaja, na tangu 2010 jina lake linalindwa na sheria ya Umoja wa Ulaya, huwezi kuuoka popote upendapo ukauita hivyo. Nikatafuna nikiwaza siku Wachaga watakapoandikisha mtori na sisi Wameru tutakavyowagomea.

Saa sita kamili tulikuwa kwenye uwanja mkuu, Rynek, uliopimwa mwaka 1257, mpana mpaka mtu anajiona sisimizi. Juu ya mnara mrefu wa kanisa la Mariacki dirisha likafunguka na tarumbeta ikalia. Wimbo ulipanda, ukapanda, kisha ukakatika katikati, kama mtu aliyezibwa mdomo. Ndivyo unavyopigwa kila saa, usiku na mchana, na wapigaji ni askari wa zimamoto. Hadithi inasema zamani mlinzi alipiga tarumbeta kuwaonya watu kwamba Watatari wanakuja, na mshale ukamchoma kooni kabla hajamaliza. Mpigaji alirudia upande wa pili wa mnara, wa tatu, wa nne, na kila mara akakatishia palepale. Mzee mmoja wa kikundi chetu aliuliza kama huwa hawatamani kuumalizia. Binti akamtazama tu.

Chakula cha mchana kilikuwa kwenye bar mleczny. Jina lina maana ya baa ya maziwa, lakini usifikirie baa. Fikiria mama lishe aliyepewa ruzuku na serikali. Unasimama foleni, unasoma orodha ukutani, unalipa fedha kidogo, unapewa sahani dirishani, na ukimaliza unairudisha mwenyewe. Wanafunzi, wastaafu na mafundi wamekaa meza moja na hakuna anayezungumza. Nilipapenda kuliko kanisa. Tulikula pierogi, zile zinazofanana na sambusa iliyoamua kuchemshwa badala ya kukaangwa, ndani zina viazi vilivyopondwa na jibini laini, juu vitunguu vilivyokaangwa.

Aina ile inaitwa ruskie. Mgeni mmoja akasema, "Aha, za Kirusi," na hapo binti akaweka uma chini. Si za Kirusi. Jina limetoka Rus, nchi ya kale ya upande wa mashariki, ambako mji mkubwa ni Lwów, leo Lviv ya Ukraine. Kabla ya vita kuu ya pili sehemu hiyo ilikuwa Poland. Baada ya 1945 mpaka ukasogezwa magharibi, Wapolandi wa kule wakahamishwa, na wengi wao walichoweza kubeba ni masufuria na namna ya kupika. Wengine walikuwa wameondolewa mapema zaidi, mwaka 1940, wakapakiwa kwenye mabehewa usiku na askari wa Kisovieti wakapelekwa Siberia na Kazakhstan.

Habari hiyo niliijua mwisho wake, sikujua mwanzo wake. Kila mtoto wa Tengeru anajua palikuwa na kambi ya Wapolandi karibu na Ziwa Duluti, na makaburi yao yapo mpaka leo, yamefagiliwa. Nimepeleka wateja pale mara nyingi: wanatoka kupanda mlima, wanaomba wapitishwe, wanawasha mishumaa, wanapiga picha. Lakini sikuwahi kujiuliza watu wale walikuwa wametokea wapi hasa. Kumbe ni hawa wa pierogi za viazi. Wakati Hitler alipowageukia Wasovieti mwaka 1941 waliachiliwa, wakashuka mpaka Iran, na kuanzia 1942 maelfu wakaletwa Afrika Mashariki, wengi akina mama na watoto. Tengeru peke yake walikuwa kama 5,000. Vita vikaisha, na nyumba zao zikawa ng'ambo ya mpaka mpya, hakuna pa kurudi. Wengi waliishia Uingereza, Canada, Australia.

Nilitaka kusema, "Kwetu wapo," nikasita. Hayo si maneno ya kusemwa na mdomo umejaa viazi.

Siku ile, kwa bahati ambayo wakala wangu bila shaka aliipanga, ilikuwa Tłusty Czwartek, Alhamisi ya Mafuta, ya mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu. Wapolandi wote hula pączki. Ni donati isiyo na tundu, mviringo, kahawia, ndani ina jemu ya maua ya waridi. Foleni zilitoka milangoni mwa maduka zikapinda kona. Watu wa ofisi wamebeba maboksi ya dazeni dazeni. Binti aliingia kutununulia, akakaa humo mpaka miguu yangu ikafa ganzi, kisha akatoka na boksi wazi. Akatusimamisha ukutani, akaanza kugawa, anamwekea kila mtu moja kiganjani, na kwa kuwa alikuwa amechoka na Kiingereza akahesabu kwa lugha ya kwao.

"Jeden. Dwa. Trzy."

Mkono wangu ulikuwa wa nne. Kabla hajafungua mdomo, mdomo wangu ukasema, "Chiteri."

Akasimama na donati hewani. Akasema, "Cztery." Akaiweka. Nikasema, "Pienchi." Nikasema, "Sheshi." Wenzangu wakanitazama kama niliyepandisha mashetani.

Yedeni, dua, chi, chiteri, pienchi, sheshi. Ni hesabu ya Bibi, mama yake mama yangu. Alihesabu hivyo mayai, vitunguu, sarafu za sadaka, watoto wakati wa kuogeshwa. Akifika sita anaendelea saba, nane, tisa kwa Kiswahili kama kawaida. Sisi wajukuu tulihesabia kombolela. Utotoni nilidhani ni Kijerumani cha wamisionari wa Leipzig, maana kila kitu cha ajabu nyumbani kwetu kilisemwa kimeletwa na wamisionari. Nilipoanza kazi ya watalii na kusikia Kijerumani chenyewe nikajua sicho, nikaamua ni maneno ya mchezo, nikaacha. Bibi alifariki mwaka 2009. Sikuwahi kumuuliza.

Alizaliwa karibu na 1930, kwa hiyo kambi ilipojengwa alikuwa binti wa miaka kumi na miwili hivi. Alichokuwa akisimulia ni kidogo: kwamba alikuwa anapeleka mayai kambini kwenye kikapu chenye majani makavu ya mgomba, na mama mmoja wa Kizungu aliyefunga kitambaa kichwani alikuwa analipokea kila yai kwa mikono miwili. Ndivyo alivyosema kila mara. Kwa mikono miwili. Alilisema kama ushahidi kwamba yule hakuwa Mzungu wa kawaida.

Nilimweleza binti yote hayo pale ukutani, jemu ya waridi inanichuruzika kwenye glovu. Hakulia, wala mimi sikulia. Alikuwa kazini, na mimi ninaijua kazi hiyo. Aliuliza tu Tengeru inaandikwaje, akaiandika kwenye simu yake. Kisha akasema wawili bado hawajapewa, akawageukia, lakini safari hii akahesabu polepole, kwangu: "Siedem. Osiem." Nikarudia. Shedem, oshem. Ulimi ulikwama, maana hayo mawili hayakuwa na mtu nyuma yake.

Matembezi yaliendelea mpaka mtaa wa Kazimierz, tukala zapiekanka, mkate mrefu wenye uyoga na jibini, na jibini nyingine ya kondoo ya milimani iliyokaushwa kwa moshi, ambayo ililia "kwiki" kwenye meno. Sina la kueleza zaidi. Nilikula bila kusikia.

Jioni nikampigia mama kwa WhatsApp. Kwake ilikuwa saa mbili usiku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Nikamwambia nimekula mpaka nimekoma. Kisha nikamuuliza kama anaikumbuka hesabu ya Bibi. Akaimba yote bila kupumua, mpaka sheshi, halafu akaweka saba.

"Saba ni shedem, mama. Ni Kipolandi. Kwa nini Bibi aliishia sita?"

Akanyamaza kidogo. Nikasikia kuku wake wanagombea pa kulala nyuma ya nyumba.

"Sasa hiyo saba angeijulia wapi?" akasema. "Kuku wenyewe walikuwa wawili."